Lala chali kwanza: karakana ya madari ya Ngamiani, Tanga

Mama yangu alivunjika nyonga mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja. Amepona kwa kiasi chake, anakaa, anasogea kwa kushikwa mkono, lakini sehemu kubwa ya siku yupo kitandani, na mtu wa kitandani anaishi na dari. Sisi wazima tukiingia chumbani tunatazama shuka, dirisha, chupa za dawa, tunatoka. Yeye anatazama juu. Ndiyo maana fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya makochi imeishia kwenye dari la chumba kimoja cha mita 2.7 kwa 3.6, na sijutii hata shilingi.

Wateja wangu wa cherehani wakiingia kumsalimia mama hutoka wakiuliza ni nani kafanya kazi ile. Nimechoka kueleza nusunusu mlangoni. Leo naeleza yote, uzuri na kasoro.

Dari la kwanza la chumba kile lilikuwa la jipsamu. Walikuja mafundi wawili, vijana, simu zao zimejaa picha: mawimbi ya ngazi tatu, duara katikati, taa za bluu zinazunguka pembeni. Nikapenda. Juu ya bati hawakupanda hata mara moja. Walipiga mbao, wakafunga bodi, wakapaka pati na rangi, siku nne kazi imekwisha, nikalipa 650,000. Masika ilipoingia, tundu la msumari lililokuwa kwenye bati miaka yote likaanza kudondosha maji juu ya bodi. Doa la kwanza lilikuwa la rangi ya chai, ukubwa wa sahani. Likawa sinia. Bodi ikaanza kubonyea kwa chini. Usiku mmoja mvua imekaza, kipande kizima kikashuka pamoja na duara lake na taa zake, kikaangukia mwisho wa kitanda, upande wa miguu. Bodi moja ya mita 1.2 kwa 2.4, ya unene wa milimita 9, ikiwa kavu tu inakaribia kilo 20, na ikishakunywa maji inazidi hapo. Mama hakuguswa kwa sababu alikuwa amejikunja kwa baridi. Mpaka leo nikiikumbuka ile miguu iliyokunjwa mwili unanisisimka. Niliwapigia wale vijana. Simu ya kwanza walipokea, ya pili haikupokelewa.

Nilipookota vipande niliona nilichouziwa. Bodi zilipigwa misumari ya kawaida badala ya skrubu, na kutoka mbao hadi mbao palikuwa na nafasi ya kupita mtu. Bodi nyembamba vile inataka mbao kila baada ya sentimita 40 hivi. Nilikuja kujifunza baadaye, na ningelijua mapema ningewasimamisha siku ya kwanza.

Miezi mitatu mama alitazama bati na kenchi tupu. Joto la bati mchana mnalijua.

Aliyenielekeza karakana hii ni mpwa wangu, anayebeba mizigo kwa guta. Iko Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka Soko la Mgandini. Haina bango. Ulizia kwa mzee wa madari, watakuonyesha. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anachambua singa za katani kwa vidole, polepole, kama mtu anayechana nywele za mtoto. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza jambo ambalo wale wa kwanza hawakuniuliza.

"Nani analala humo?"

Nikamweleza habari za mama. Akanyamaza kidogo, akanionyesha kitanda cha kamba kilichowekwa katikati ya karakana, kimetandikwa mkeka. "Lala chali kwanza, mwanangu. Dari haliangaliwi kwa kusimama." Nikasita, mtu mzima na baibui langu. Mkewe, ambaye ndiye msukaji na mshonaji wa mikeka ya pale, akatoka ndani akafunga ubao wa mlango wa upande wa barabarani. Nikalala.

Juu, karakana nzima imegawanywa miraba, na kila mraba ni dari la aina yake. Nililala pale karibu saa nzima, nikisogezewa kitanda kutoka mraba hadi mraba, na maoni yangu yaligeuka mara kadhaa. Pivisii, lile dari la plastiki, kwa mfano, nilikuwa naipenda nikiwa nimesimama: nyepesi, safi, haiogopi maji. Ukilala chini yake inang'aa, mwanga wa dirisha unarudi machoni moja kwa moja. Mzee mwenyewe anaiuza, lakini anaishauri bafuni, basi. Mbao nyembamba za kuchomekana, zile za ulimi na mfereji, zina joto la macho na harufu iliyonikumbusha Lushoto, ila zikipakwa vanishi nyekundu kwenye chumba kidogo dari linakushukia usoni. Kulikuwa na jipsamu yenye nakshi za kumimina kwenye kalibu, maua na minyororo mithili ya nakshi za milango ya zamani ya pwani, na hiyo ni kazi ya mtu anayejua mkono wake. Kulikuwa na mraba uliopakwa rangi tu, bluu ya magharibi inayokolea kuelekea pembeni, na vinyota vidogo vya rangi nyeupe. Huo ndio wa bei ndogo kuliko yote, na kwa chumba cha watoto sioni kwa nini mtu atafute kingine. Hapo mzee alinipa siri mbili: rangi ya dari iwe isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa inaonyesha kila kovu la pati, na kama chumba ni kifupi, shusha rangi ya dari shubiri moja ukutani, jicho litadhani dari liko juu zaidi.

Mraba wa kanga ulinishika kwa sababu ya kazi yangu. Fremu nyepesi ya mbao, kanga imevutwa juu yake mpaka imekaza kama ngozi ya ngoma, pindo limekaa sawa kwenye ukingo, na jina la kanga linasomeka ukiwa umelala: *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Fremu inaning'inia kwa ndoano nne. Inashuka, kanga inavuliwa, inafuliwa, inarudi. Nilikagua mshono wa nyuma. Walikunja pindo mara mbili na kulishona kwa mkono kabla ya kupiga pini, kwa hiyo kitambaa hakichaniki kwenye pini. Mtu aliyefanya hivyo anaheshimu nguo.

Mbao za jahazi lililovunjwa nazo zilikuwepo, matundu ya misumari yamebaki na rangi imeliwa na chumvi. Nzuri sana, na ghali sana.

Halafu boriti na mkeka. Nilipofika chini ya mraba huo sikutaka tena kusogezwa. Boriti nyeusi zimepangwa mbalimbali kiasi, na kati ya boriti na boriti ni mkeka wa ukindu, ukili kwa ukili, rangi ya asili na milia miembamba ya zambarau. Hakuna kinachong'aa. Jicho linatembea kwenye ukili mmoja mpaka mwisho, linarudi na mwingine. Nikafikiria mtu mwenye mchana mzima mbele yake.

Mzee akanieleza boriti zilikotoka. Nyumba za mawe za zamani, za Pangani, za Bagamoyo, za huku kwetu, zilibebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe na chokaa. Mti wa mkoko haukupi boriti ndefu unavyotaka, kwa hiyo upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, chini ya mita 3 mara nyingi, na ndiyo sababu vyumba vile ni vyembamba na virefu. Leo mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali, naye hainunui mibichi. Ananunua boriti za nyumba zinazobomolewa, anazikagua moja moja kama zimebunguliwa, na anazihifadhi nyuma ya karakana zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini. Zangu zilikuwa na masizi ya jiko la mtu wa zamani. Aliyasugua kwa msasa, mengine akayaacha nilipomwomba ayaache.

Siku aliyokuja nyumbani kwangu Mikanjuni alikuja na ngazi na kijana wake, na chumbani hakuingia. Alipanda juu ya bati. Akakuta matundu saba, bati mbili zimekwisha kabisa, kofia ya paa imeachia upande wa baharini, na popo wamejifungulia njia chini ya ukingo wa paa. "Dari ni shuka," akaniambia toka juu. "Hutandiki shuka juu ya godoro bichi." Walibadilisha bati mbili, wakang'oa misumari na kuweka skrubu zenye mpira, wakaziba kofia. Njia za popo akaziwekea wavu badala ya kuziziba kwa saruji, ili hewa ya moto iliyo kati ya bati na dari ipate pa kutokea. Kisha akapanda tena na mpira wa maji, akamwagia paa nusu saa nzima, mimi nipo ndani na tochi. Tone moja, karibu na ukuta wa jirani. Wakarudia. Mara ya pili hapakuwa na tone.

Ndipo akaingia kwa mama. Alibisha hodi, akaomba ruhusa, akasimama mbali na kitanda. Alikuwa amebeba miraba midogo ya mfano, kila mmoja umefungwa kwenye ncha ya mti, akawa anaishika juu ya kitanda, mmoja baada ya mwingine, bila kusema lipi zuri. Mama aliikataa mbao. Anga la nyota alilitazama kwa muda, akasema ni la wajukuu. Ulipofika mkeka hakusema kitu. Aliinua mkono, akaomba ushushwe, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Ukili huu umesukwa na mtu wa kushoto," alisema.

Mkewe mzee ni wa kushoto. Alipoambiwa, alikuja mwenyewe kesho yake na robota la ukindu.

Kwa asiyejua: ukindu ni majani machanga ya mkindu. Yanakaushwa, yanachanwa, yanayotakiwa rangi yanachemshwa na rangi kwenye sufuria, kisha yanasukwa utepe mrefu unaoitwa ukili, na kili zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utokee. Mama alisuka utotoni kwao upande wa Pangani, akaacha alipoolewa. Yule mama mwenzake aliloweka ukindu kwenye beseni, akamwekea mto mgongoni, akamwanzishia ukili kwa kushika ncha. Vidole vya mama vilikosea mara tatu. Mara ya nne vikakumbuka, na vilipokumbuka havikusubiri macho. Alisuka kila asubuhi kwa siku tano. Ukili wake una upana wa vidole vitatu na urefu wa dari zima. Umeshonwa juu ya mto wake, na ukiutazama vizuri utaona mahali umelegea kidogo, pale alipopumzika akanywa chai. Mshonaji aliuliza kama apakaze. Mama akasema paachwe.

Kazi yenyewe niliifuata kwa karibu, kwa hiyo naweza kuieleza. Boriti tatu zilipasuliwa kwa urefu zikawa nusu sita, ubapa juu, mviringo chini, ili zisiwe mzigo bure, maana hazibebi kitu tena, ni pambo. Nusu tano zilitumika, ya sita akanirudishia, nimeifanya rafu ya nyuzi. Zimefungwa kwa boluti kwenye mbao mpya zilizoungwa na kenchi. Mkeka haukubandikwa juu kwa juu: umegundishwa kwenye plaiwudi, ukapigwa pini pembeni, na kila kipande kinakaa kati ya boriti mbili kwa skrubu. Kikiharibika kimoja, kinashuka peke yake. Boriti, plaiwudi na mkeka vyote vilipakwa dawa ya wadudu kabla ya kupanda. Pangaboi nalo lina ubao wake mnene uliofungwa kwenye kenchi, halining'inii kwenye boriti wala kwenye plaiwudi, na panga zake ziko mita 2.3 kutoka sakafuni.

Pembeni kote, pale dari linapokutana na ukuta, kuna konisi ya jipsamu, na hizo anazimimina mwenyewe. Unga unachanganywa na maji, unamwagwa kwenye kalibu iliyopakwa mafuta, zinatandazwa singa za katani, unamwagwa tena. Kwa dakika chache ule uji unageuka jiwe. Singa ndizo zinazoshika. Aliniangushia kipande chakavu sakafuni, kikapasuka lakini hakikuachana, nyuzi nyeupe zimekishikilia. Sisi wa Tanga tumekulia ndani ya mkonge. Baba yangu aliukata miaka mingi. Ulikuja mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ilitoka Florida, na iliyofika hai ikapandwa Kikokwe, Pangani, ni 62 tu. Nilikuwa najua katani ni kamba na magunia. Kwamba imo ndani ya konisi za nyumba zetu, imefichwa humo, hilo nililiona kwa macho yangu pale karakana.

Taa: nilitaka mkanda wa taa upite juu ya mkeka. Akakataa. Alikubali tu taa za LED ndani ya ukingo wa konisi, mbali na ukindu, na fundi umeme awe wangu. Nilitaka pia mkeka jikoni, akakataa kabisa, akasema mkeka na moto havilali pamoja. Jikoni niweke jipsamu iliyo wazi, rangi ya kufutika, mwisho. Nilikasirika kidogo siku ile. Sasa hivi jioni zile taa zikiwashwa, mwanga unapanda kutoka pembeni na kulamba boriti kwa chini, na balbu yenyewe haionekani na mtu aliyelala.

Kasoro zipo. Aliniahidi siku nane, zikawa kumi na saba. Siku tatu kati ya hizo ilikuwa msiba, siwezi kumlaumu, lakini nyingine alikuwa kwa mteja mwingine na hakunipigia kunijulisha. Hesabu alitaka kunitajia kwa mdomo. Nilisisitiza, akaiandika kwenye daftari na kutia sahihi, na nakushauri usisitize pia. Harufu ya dawa ya wadudu ilikaa siku tatu, mama akalala sebuleni, na kumhamisha mgonjwa wa nyonga si kazi ndogo. Angeniambia mapema ningejipanga. Mkeka unakusanya vumbi. Kila wiki naupitishia ufagio laini uliofungwa kitambaa kikavu. Na kipande cha karibu na mlango kiliwekwa kikiwa kimegeuzwa, milia haikukutana na ya jirani yake. Mimi na mzee hatukuona. Mama aliona kabla ya saa kwisha. Kesho yake kilishushwa na kugeuzwa.

Gharama yote, pamoja na matengenezo ya paa, ilifika 1,200,000. Ufundi peke yake ulikuwa 400,000 na mikeka 240,000. Ukilinganisha na ile 650,000 ya dari lililoanguka, utaona ni kama mara mbili. Lakini ile ya kwanza haikugusa paa, na paa ndilo lililoliangusha.

Kilichonifanya niandike kwa moyo ni jambo la baada ya masika. Sikumwita. Alikuja mwenyewe na ngazi mwezi wa tano mwishoni, akagonga kila kipande kwa kifundo cha kidole akisikiliza, akakuta unyevu kidogo juu ya dirisha ambako upepo wa kusi unasukuma mvua chini ya ukingo wa bati. Akaongeza kipande cha bati pale, akakausha, hakutaka malipo. Alikunywa chai, akamsalimia mama, akaondoka na baiskeli yake, ngazi begani.

Ukienda, nenda asubuhi kabla ya saa nne, baada ya hapo huwa kwenye kazi za watu. Beba vipimo vya chumba na urefu wa kutoka sakafuni hadi kwenye mbao. Vaa nguo ambayo unaweza kulalia.

Sebuleni tumepanga baada ya Idi. Mimi nataka kanga kwenye fremu, mama anataka mkeka tena, upana wote. Ukindu umeshaletwa, uko kwenye beseni kando ya kitanda chake, umelowekwa tangu asubuhi.